Namna ya Kutema Mate kwa Heshima

Kabla hujatafuta kichupa, tafuta saa. Tafuta saa inayokwenda sawasawa, si ile ya ukutani iliyogoma tangu Idi ya mwaka jana. Mate ya kupimia homoni ni kama samaki wa feri: mnunuzi anayejua kazi yake haanzi na bei, anauliza ametoka majini saa ngapi. Ukikosa jibu la swali hilo, hata ukijaza ndoo, hujapeleka kitu maabara.

Chukua mfano wa kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kotisoli ina ratiba kali kuliko muadhini. Alfajiri huanza kupanda. Ukifumbua macho hupanda kwa kasi zaidi na kufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 45. Kisha hushuka polepole mchana kutwa, na kwa mtu mzima mwenye afya anayelala usiku, karibu na saa sita usiku huwa imebaki chembe. Kiasi ambacho asubuhi ni cha kawaida kabisa, usiku wa manane ni ishara ya hatari. Mtu akitema saa moja asubuhi akaandika saa tano usiku, karatasi ya majibu itamtangazia maradhi asiyokuwa nayo, na mashine haitakuwa na kosa lolote.

Shangazi yangu ndiye aliyenisukuma kuandika mwongozo huu. Mwaka juzi alinipigia simu Jumapili mchana.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Njoo unisomee karatasi zangu. Wanasema tezi zimechoka.”

Nilipofika nilikuta mezani mchoro wenye rangi tatu, namba nne, na mfuko wa makopo ya dawa za lishe uliomgharimu zaidi ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Namba nne zilitokana na vichupa vinne: cha asubuhi, cha adhuhuri, cha jioni na cha usiku. Nikamuuliza kila kimoja alikitema saa ngapi.

“Vyote nilivitema jioni ileile, mwanangu. Muuzaji alikuwa na haraka.”

Nilikasirika, na sijapoa bado. Kipimo cha mate ni kipimo kizuri sana. Ni cha kweli, hakiumizi, kina historia ya heshima, na watu wanaokigeuza mtego wa kuuzia makopo wanakiharibia jina. Kwa hiyo tukae chini tujifunze kutema mate vizuri, tangu mwanzo.

Kwanza ujue kwa nini mate yanafaa. Ndani ya damu, homoni nyingi za jamii ya kotisoli, testosteroni na projesteroni hazitembei kwa miguu. Zimepanda protini kama abiria waliobanana kwenye daladala. Kwa kotisoli, zaidi ya asilimia 90 imepanda. Abiria aliye ndani ya gari hawezi kuingia nyumba yoyote, na kadhalika homoni iliyoshikwa na protini haiingii ndani ya seli kufanya kazi. Wachache walioshuka, yaani homoni huru, ndio wanaobisha hodi. Hao hao ndio wanaopenya kuta za tezi za mate, kwa kuwa ni wadogo na wana asili ya mafuta, na utando wa seli huyapitisha mafuta bila ubishi. Tone la mate basi linakuonyesha sehemu inayofanya kazi, wakati kipimo cha kawaida cha damu huwahesabu abiria wote pamoja, walioshuka na waliolala kwenye viti.

Tofauti hii ina faida ya wazi kwa mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Estrojeni huongeza ile protini inayobeba kotisoli, yaani daladala huongezeka barabarani. Damu ikipimwa, kotisoli yote kwa jumla huonekana imepanda, na mama wa watu anaanza kuhangaishwa. Mate hayadanganyiki kwa urahisi huo.

Kuna faida nyingine ambayo kila aliyewahi kukimbia sindano ataielewa. Kotisoli hupanda mtu anapoogopa. Ukimwendea na sindano ili upime hofu yake, sehemu ya hofu utakayoipima umeileta wewe mwenyewe. Kichupa cha mate hakimtishi mtu.

Sasa utemaji wenyewe. Wengi wetu tumelelewa tukijua namna moja tu: kukohoa, kuvuta kutoka kooni, na kurusha. Hiyo weka kando. Kinachotoka kooni ni makohozi, na makohozi yana kazi yake kwenye kipimo cha kifua kikuu. Hapa mate hayarushwi, yanaachiwa. Kaa kwenye kiti, inamisha kichwa mbele kidogo, legeza taya, acha mate yajikusanye chini ya ulimi bila kumeza. Weka mrija mfupi mdomoni, mwisho wake ukiwa ndani ya kichupa, kisha yasukume taratibu yashuke. Povu halihesabiwi, kwa hiyo ngoja litulie ndipo utazame kipimo. Mililita moja au mbili hutosha mara nyingi. Mwili wako hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, kwa hiyo usione uchoyo.

Mdomo ukikauka, na hukauka palepale unapotakiwa kutoa mate, fikiria embe bichi. Lifikirie vizuri: limekatwa vipande virefu, limenyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, liko kwenye kikaratasi nje ya geti la shule. Lifikirie tu. Ukilila umeharibu kazi.

Kwa nini? Kwa sababu kitu kikali hubadilisha uchachu wa mate, na kemikali za kupimia haziwezi kufanya kazi sawasawa ndani ya uchachu huo. Mdomo unatakiwa uwe umekaa bila chakula kwa nusu saa hadi saa nzima, kadiri maabara itakavyokuelekeza. Chai ya maziwa na mtindi viweke mbali, kwani ng’ombe naye ana homoni zake na mashine haiulizi ni za nani. Kahawa huichochea kotisoli. Pombe uiache tangu siku iliyotangulia. Mswaki usiupitishe karibu na muda wa kutoa sampuli, na hili huwashangaza waungwana wanaotaka kupeleka mate masafi. Fizi zikichubuka, damu huingia kwenye mate, na kwa kuwa homoni iliyomo ndani ya damu ni nyingi mno ukilinganisha na ya mate, tone dogo linatosha kupotosha jibu la testosteroni hasa. Sukutua kwa maji, ngoja dakika kumi au zaidi ili maji yasiyazimue mate, ndipo uanze.

Wenyeji wa Pwani niwaongezee tahadhari ya urukususu, ule mzizi mtamu. Ndani ya tezi za mate kuna kimeng’enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni. Urukususu hukizuia kimeng’enya hicho, kotisoli hubaki bila kugeuzwa, na majibu hupanda hata kama tezi za juu ya figo zimetulia. Tumbaku nayo imeonekana kupandisha kotisoli ya mate ya usiku. Kama unavuta au unatafuna, mwambie anayekupima, hata kama umemficha mkeo.

Kuhusu vifaa, usiokote pamba nyumbani ukaitafuna. Ipo pamba maalumu inayouzwa na kichupa chake kwa ajili ya kotisoli, unaitafuna dakika moja au mbili, kisha inazungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi mate yatoke. Lakini pamba hiyohiyo ikitumiwa kwa testosteroni au estrojeni inaweza kuleta namba za uongo, kwa sababu mmea wa pamba una vitu vinavyofanana na homoni hizo machoni pa kemikali za kupimia. Kila homoni ina kifaa chake. Muulize mtu wa maabara. Ukishatema, kichupa kiende kwenye friza, siyo kwenye mlango wa friji karibu na mayai. Na mahali penye mgao wa umeme, kipeleke maabara mapema.

Halafu andika saa. Andika saa uliyotema, si saa uliyoagizwa kutema. Watafiti waliwahi kuwapa watu vichupa vyenye vifuniko vinavyorekodi kwa siri saa vilipofunguliwa, kisha wakalinganisha na saa ambazo watu hao waliandika kwa mikono yao. Hazikulingana. Watu wengi walichelewa, wakaandika saa nzuri ya kumpendeza mkubwa. Waliojua kwamba kifuniko kinarekodi walikuwa wakweli zaidi. Ndugu msomaji, ukichelewa dakika arobaini andika kwamba umechelewa dakika arobaini. Namba sahihi yenye saa ya uongo haina kazi, na hakuna daktari atakayekugombeza kwa kupitiwa na usingizi.

Ukitaka kuona mate yakifanya kazi yaliyoumbiwa, tazama jaribio lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993 na Clemens Kirschbaum na wenzake. Mtu huitwa mbele ya jopo lisilotabasamu wala kutikisa kichwa. Huambiwa ajieleze kwa dakika tano kana kwamba anaomba kazi. Akimaliza, kabla hajafuta jasho, huambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka 1022 akitoa 13 kila mara: 1009, 996, 983, 970. Akikosea, aanze tena. Sampuli za mate huchukuliwa kabla, na tena na tena baada ya hapo, na kotisoli huonekana ikipanda kisha ikishuka. Jaribio hilo sasa hutumiwa duniani kote, na lisingekuwa rahisi hivyo kama kila dakika kumi angetokea mtu na sindano. Jaribu hesabu hiyo mbele ya mashemeji wako, utaelewa.

Lakini mahali mate yaliponivutia zaidi ni kwetu huku. Katika miaka ya 1980, mtafiti Peter Ellison na wenzake walikusanya mate ya wanawake Walese katika msitu wa Ituri, mashariki ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Walitaka kufuata projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kupevuka, na ili kufanya hivyo unahitaji sampuli nyingi katika mwezi mmoja. Nani angekubali kuchomwa sindano kila kukicha, ndani ya msitu, na mgeni? Kutema mate walikubali. Mate yakasema jambo zito: njaa ya kabla ya mavuno ilipowakondesha wanawake hao, kupevuka kwa mayai yao kulipungua. Njaa ilikuwa inaonekana hadi ndani ya tone la mate.

Kisha Lamu. Mwaka 2003, mtafiti Peter Gray alichapisha matokeo ya mate ya wanaume Waswahili wa huko. Uchunguzi uliofanywa kabla kwa wanaume wa Amerika Kaskazini ulikuwa umeonyesha kwamba wenye ndoa wana testosteroni ya chini kuliko makapera. Lamu haikuwa hivyo: mwenye mke mmoja na asiyeoa hawakutofautiana, ila wenye wake wawili walikuwa na testosteroni ya juu kuliko wengine. Najua kuna msomaji ameshakunja gazeti anataka kwenda kumwonyesha mkewe. Likunjue kwanza. Mate hayakusema kipi kilitangulia, homoni au mke wa pili. Na uchunguzi kama huo ulipofanywa kwa Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, wenye wake wengi hawakuwa na testosteroni ya juu kuwashinda wa mke mmoja. Hoja yako ya ndoa itafute pengine.

Tanzania nayo imo. Mwaka 2009, Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison walichapisha matokeo ya mate ya wanaume Wahadzabe na Wadatoga, majirani wanaoishi maeneo ya Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe, ambako baba hubeba mtoto, humlisha na kulala karibu naye, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako kulea mtoto mchanga si shughuli ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Sijui kipimo kingine cha hospitali kinachoweza kukueleza jambo la ndani kama hilo kuhusu baba na mwanawe.

Mambo hayo yaligunduliwa kwa kulinganisha kundi na kundi, kwa sampuli zilizochukuliwa kwa saa zinazojulikana, na watu waliokuwa na swali moja lililo wazi. Mtu mmoja, jioni moja, bila swali, hawezi kupata hayo. Hapo ndipo muuzaji wa makopo anapoingilia.

Akikuambia atapima homoni za tezi ya shingo kwa mate, kataa. Akitaja insulini, kataa. Insulini na nyingine za jamii ya protini, pamoja na hizo za tezi ya shingo, hazipenyi kwenye mate kwa namna ya kutegemewa. Zinapimwa kwenye damu. Akikuambia mate yamethibitisha kwamba tezi zako za juu ya figo “zimechoka”, jua kwamba jina la maradhi hayo lilibuniwa mwaka 1998 na tabibu wa Marekani wa tiba mbadala, na kwamba mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazili, Cadegiani na Kater, walipitia tafiti 58 na kuhitimisha kwamba maradhi hayo hayapo. Uchovu upo, tena mwingi. Una sababu zake: upungufu wa damu, kisukari, usingizi wa saa nne, huzuni, tezi ya shingo iliyolegea. Kila moja kati ya hizo ina kipimo chake na dawa yake, na kila mwezi unaopotea kwenye makopo ni mwezi wa mgonjwa.

Kwa kina mama wanaokaribia kukoma hedhi nina neno la pekee. Kuna wanaopimwa mate, wakachanganyiwa krimu ya homoni “yao wenyewe”, kisha wakapimwa mate tena ili kipimo cha krimu kirekebishwe. Chama cha madaktari wa wanawake na uzazi cha Marekani kimesema wazi kwamba hakuna ushahidi wa kupanga dozi kwa njia hiyo. Krimu ya projesteroni ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuyajaza mate homoni wakati kiasi kilicho kwenye damu bado ni kidogo. Ukifuata mate utadhani umeshiba kumbe tumbo liko tupu. Joto la ghafla na jasho la usiku, mweleze daktari kwa maneno. Maneno yako hapo yana thamani kuliko kichupa.

Shangazi nilimpeleka kupima damu. Tezi ya shingo ilikuwa imelegea, ndiyo maana alikuwa anasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, ngozi imekauka, na miguu mizito kama imefungwa mawe. Vichupa vyake vinne visingeweza kuona hilo hata kama angevitema kwa saa sahihi. Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula.

Upo lakini ugonjwa ambao mate ya usiku ni miongoni mwa vipimo vyake vya kwanza, na huo ndio nataka uukumbuke. Unaitwa Cushing, kwa jina la Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa ubongo wa Marekani, ambaye mwaka 1932 alieleza jinsi uvimbe mdogo wa tezi iliyo chini ya ubongo unavyohusika nao. Kotisoli hukosa adabu: hubaki juu usiku wakati inatakiwa kulala. Uso huwa wa mviringo, mafuta hujikusanya nyuma ya shingo, tumbo hukua huku mikono na miguu ikikonda, ngozi huchubuka kwa kuguswa tu, na michirizi mipana ya zambarau hutokea tumboni. Shinikizo la damu na sukari hupanda. Tangu mwaka 2008, mwongozo wa wataalamu wa homoni umependekeza mate yanayotolewa kati ya saa tano na saa sita usiku, angalau mara mbili, kwa siku tofauti. Mgonjwa hutemea kwake, kitandani, ametulia. Mlinzi na muuguzi wa zamu za usiku kipimo hiki hakiwafai, kwa kuwa ratiba yao ya kotisoli imeshavurugika. Wao watapewa kingine. Uliza pia kama maabara iliyo karibu nawe inapima mate, na ukirudia, rudia palepale, maana namba za mashine moja hazilingani na za nyingine.

Na kama dalili hizo unazo na unapaka mkorogo, anza kwa kusema hilo kabla ya kichupa chochote. Krimu nyingi za kujichubua zimegunduliwa kuwa na steroidi kali kama clobetasol, zinazopenya ngozi na kuujaza mwili kitu kinachofanya kazi ya kotisoli. Uso utakuwa wa mviringo, michirizi itatokea, lakini kotisoli yako mwenyewe, kwenye damu na kwenye mate, itakuwa chini, kwa sababu tezi zimeacha kufanya kazi zikijua kuna anayezifanyia. Ukiacha krimu ghafla baada ya miezi mingi ya matumizi, mwili unaweza kubaki bila kotisoli ya kutosha, na hiyo ni hatari ya kufa. Usiitupe kimya kimya kwa aibu. Ifunge kwenye mfuko, hata ile ya kikopo kisicho na lebo, nenda nayo hospitali, iweke mezani mbele ya daktari, umwambie umeipaka tangu lini.